Viduara Viwili

Wirrabool, Victoria
Jumatatu, 14 Januari 2019

Mpendwa Nerida,

Huenda mwandiko huu bado unaukumbuka. Ulikuwa ukiuona kwa wino mwekundu pembeni mwa hesabu zako, na mara nyingi haukuleta habari njema. Anwani yako nimepewa na shangazi yako Thelma. Anasema uko Cygnet, kule Tasmania, kwenye banda la kufungasha matufaha, na kwamba simu hupokei. Mimi pia sipokei, kwa hiyo tutaelewana.

Banda la Bati linabomolewa. Lile lile tulilochezea mpira wa kikapu, lenye ndoo tatu za kukingia mvua na vumbi la ngano lililofagiliwa uwanjani kila mapumziko. Baraza la mji limejenga ukumbi mpya ng'ambo ya maghala ya nafaka, na bila mtu hata mmoja kupinga, jambo ambalo sijawahi kuliona Wirrabool, wameupa jina la Raelene Tonkin. Utafunguliwa Jumamosi, 16 Machi. Rae mwenyewe amekubali kuja kutoka Ceduna anakoishi, baada ya kuombwa mara tatu.

Kwa kuwa niliandika alama za klabu kwa miaka thelathini na minane, nimepewa kazi ya kutunga maneno ya kuchongwa ukutani. Nimezunguka mjini na daftari nikiwauliza watu wanamkumbuka vipi Rae. Unajua habari yenyewe, lakini mwalimu hawezi kuanza somo katikati, basi nivumilie. Alikuwa kapteni wetu, miaka kumi na tisa, jezi namba sita. Siku kumi baada ya fainali ya Septemba 1986 alikuwa aende Canberra, kwenye chuo cha michezo cha taifa. Zikiwa zimebaki sekunde nne, wapinzani wetu Dunmore walikuwa mbele yetu kwa pointi moja, 62 kwa 61. Rae akapenya hadi chini ya kikapu, akasukumwa, akaanguka vibaya juu ya goti. Tukapewa mitupo miwili ya adhabu, tukashinda 63 kwa 62. Canberra hakwenda. Baada ya miaka miwili alicheza mechi kumi na moja Melbourne, kifundo cha mguu kikamwangusha, kisha goti lile lile tena. Akiwa na miaka ishirini na miwili, yote yalikuwa yamekwisha.

Lakini ungewasikia watu hapa, ungedhani ilikuwa wiki iliyopita. Bev Stagg wa kioski aliniambia, "Rae akiwa na mpira, pai zangu zilikuwa zinapoa. Hakuna aliyegeuka kununua!" Noel Chirnside, dereva wa lori, anasema siku ile alipiga kelele mpaka akapoteza sauti kwa wiki nzima, na mkewe akadakia, "Wiki tuliyoelewana kuliko zote."

Wote wawili, na wengine kumi na tisa, wamenisimulia mwisho ule kwa maneno karibu yale yale. Rae aliinuka kwa mguu mmoja. Akasimama kwenye mstari. Akarusha kutoka chini, kwa mikono miwili. "Kama mtu anayemwaga maji ya ndoo, Mwalimu," alisema Noel. "Sasa angerukaje, na goti limegeukia nyuma?"

Maneno niliyoyaandaa ni haya: "Hapa Wirrabool, kwa mguu mmoja, alirusha mara mbili, na mara mbili mpira ukaingia." Mchongaji anayataka kabla ya tarehe nane Machi.

Wewe ulikuwa kwenye benchi siku ile. Ningependa kujua unazikumbuka vipi sekunde nne zile. Usiharakishe.

Mwalimu wako wa zamani,
Colin Trewin


Cygnet, Tasmania
Jumanne, 29 Januari 2019

Mwalimu Trewin,

Shikamoo. Mwandiko niliutambua kabla sijafungua bahasha.

Nimefurahi kuhusu ukumbi. Anastahili. Nikuambie ninachokumbuka? Nakumbuka alivyokuwa akifuta soli za viatu kwa kiganja, kulia kwanza halafu kushoto, kabla ya kila mpira wa kuanzia. Nakumbuka wakati wa mapumziko alikula vipande vya machungwa na maganda yake, akatutazama kama sisi ndio wa ajabu. Hakutuita kwa majina, alituita kwa namba. "Kumi na Tano, njoo hapa. Unaogopa nini? Ni mpira, hauumi." Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na msimu ule wote nilicheza dakika saba. Lakini mazoezini alibaki na mimi baada ya wengine kwenda. Kocha alikuwa akinicheka kwa namna nilivyorusha. Yeye alisema, "Mwache. Kikapu hakiulizi mpira umetoka wapi."

Nilipokuwa nikimwangalia, Mwalimu, sikutaka kuwa yeye. Nilitaka tu aendelee, ili mimi niendelee kuangalia. Sijui kama hilo linaandikika ukutani.

Kuhusu sekunde nne, sina la kuongeza. Daftari la alama lilikuwa mikononi mwako.

Machi ni katikati ya mavuno. Sitaweza kuja. Msalimie shangazi.

Nerida Hocking


Wirrabool
Jumatano, 6 Februari 2019

Mpendwa Nerida,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara tatu nilifika kwenye ule mstari, "Daftari la alama lilikuwa mikononi mwako," nikasimama hapo. Umenikaripia kwa adabu kuliko nilivyowahi kukukaripia wewe, na nilistahili.

Nilikuuliza swali ambalo jibu lake ninalo. Nilitumaini utanijibu kwa hasira, uniambie waziwazi, ili nisiwe mimi wa kwanza kusema. Ni woga huo, na kwa mtu wa miaka themanini hauna udhuru.

Basi nikueleze jinsi ilivyotokea, kwa sababu hata wewe hujawahi kuelezwa. Refa anapotoa mitupo miwili, mwandishi wa alama hangoji irushwe. Huchora viduara viwili vitupu kwenye mstari wa mchezaji aliyesukumwa. Mpira ukiingia, anajaza kiduara kwa wino. Ukikosa, anakiacha wazi. Ni njia nzuri, inamzuia mtu kusahau, nami niliwafundisha waandishi wote wa wilaya hii kuitumia. Ina udhaifu mmoja tu. Kanuni inasema aliyeumia akishindwa kurusha, anayeingia badala yake ndiye anayerusha, na pointi ni zake. Hapo mwandishi anapaswa kuvihamisha viduara.

Nilivichora kwenye mstari wa namba sita huku nikimtazama Rae sakafuni. Watu wanne wakambeba pembeni. Wewe ukaingia, jezi ya kumi na tano ikikufika mapajani. Ukasimama kwenye mstari. Ukarusha kutoka chini, kwa mikono miwili, namna ile ambayo hakuna mwingine katika ligi nzima aliyekuwa akirusha. Nikajaza kiduara. Ukarusha tena. Nikajaza cha pili. Macho yangu yalikuwa kwenye kikapu na mkono wangu ulikuwa umebaki kwenye mstari wa Rae.

Nililipigia simu gazeti la wilaya jioni ile ile: Tonkin, pointi 31. Jumatatu asubuhi, nikijumlisha alama za msimu, nikaona kosa. Nilikuwa nimeshika kalamu kulirekebisha. Kisha mama yake Rae akapita shuleni kutuambia daktari amesema nini kuhusu goti. Nikalifunga daftari. Nilijiambia nitalifungua wiki ijayo.

Kufikia wiki hiyo mji ulikuwa umeshasoma gazeti. Waliokuwepo walikuwa wamemwona msichana anarusha kutoka chini, gazeti likawaambia alikuwa Rae, na kila mmoja akaviunganisha viwili hivyo mwenyewe. Habari ya mguu mmoja iliongezwa baadaye kidogo, ili mambo yaeleweke.

Mitupo ile ni yako. Sitaki kuchonga kosa langu kwenye jiwe. Nakuomba ruhusa ya kulirekebisha.

Colin Trewin


Cygnet
Jumapili, 17 Februari 2019

Mwalimu,

Sikukukaripia. Nilimaanisha nilichoandika: daftari lilikuwa kwako, na mimi sikutaka kuligusa. Sikujua kabisa kama lilikuwa kosa. Miaka yote nilidhani ulifanya makusudi, kwa huruma, na nilikuheshimu kwa hilo. Sasa sijui nikuheshimu kidogo au zaidi.

Jibu langu ni hapana. Usirekebishe.

Jumatano ile baada ya fainali nilitumwa mkate. Dukani kulikuwa na watu sita, wote wakisimulia jinsi Rae alivyorusha. Mmoja alikuwa amekaa nyuma ya benchi letu, Mwalimu! Aliniona nikivua koti. Akanigeukia akasema, "Nerida, wewe ulikuwa karibu, uliuona uso wake?" Nikasema ndiyo, niliuona.

Nyumbani nilimwambia baba huku nalia. Alikuwepo uwanjani, aliona kila kitu. Akaniambia, "Waache, binti yangu. Yeye kapoteza mguu. Wewe umepoteza nini?" Nikaona ni kweli. Msimu uliofuata sikurudi kucheza, lakini si kwa kinyongo. Niliona tu nimempa zawadi, na ukikaa karibu na zawadi uliyotoa unaanza kuitamani tena.

Nikuambie kilichoniuma kweli, halafu tusilirudie. Mwaka aliofariki, baba alikuwa anamsimulia mume wangu habari za Wirrabool. Akafika kwenye fainali. Akasema, "Basi Rae akarusha kutoka chini, hivi, kama mtu anamwaga maji." Akaonyesha na mikono. Hakuwa ananificha kitu. Alikuwa anaamini. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na birika la chai.

Nikamimina chai. Kwa hiyo unaona, nimeshazoea. Yeye hana Canberra, hana timu ya taifa, hana chochote ila mitupo ile miwili. Watu watamkusanyikia siku moja, wamshangilie, na wewe unataka kusimama mbele yao na kalamu?

Mwachie. Tafadhali.

Nerida


Wirrabool
Jumamosi, 23 Februari 2019

Mpendwa Nerida,

Barua yako imefika leo, nami naona aibu kukuandikia haya. Siku niliyotia posta barua yangu ya mwisho kwako, nilitia nyingine kwenda Ceduna. Nilimwandikia Rae yote, na nikamwekea nakala ya ukurasa wa daftari. Nilidhani ruhusa yako ingekuja tu, nikataka kuokoa wiki mbili.

Nilifundisha miaka arubaini nikiwaambia watoto wasianze kuandika kabla hawajasoma swali lote.

Sasa kuhusu baba yako. Nilikuwa nikidhani kosa langu lilichukua pointi mbili. Sikujua liliingia hadi nyumbani kwenu.

Rae hajajibu.

C. Trewin


Cygnet
Ijumaa, 1 Machi 2019

Mwalimu,

Kadi hii inatosha. Uliniuliza, kisha hukungoja. Sasa atadhani mimi ndiye niliyekutuma, kwamba nimekaa huku miaka thelathini na mitatu nikihesabu pointi mbili. Tafadhali usiniandikie mpaka mavuno yaishe.

N.H.


Ceduna, Australia Kusini
Jumanne, 5 Machi 2019

Kumi na Tano,

Bado nakuita hivyo, samahani. Mdomo umezoea.

Mwalimu Trewin ameniandikia kurasa tano. Kurasa tatu ni za kueleza jinsi viduara vinavyochorwa. Nimeweka barua yake mezani wiki tatu. Sijakasirika. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia wewe, maana yeye hajui yote, na wewe pia hujui.

Utakumbuka desturi ya ligi yetu. Mechi ikiisha, kila kapteni anasoma ukurasa wa timu yake na kutia saini chini. Mimi nilikuwa nimelazwa juu ya meza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikingoja gari la wagonjwa. Bev akaja na daftari. Akasema, "Rae mpenzi, huna haja, tutasema umeumia." Nikasema nipe. Nikasoma. Nilikuwa nasoma ukurasa ule baada ya kila mechi, naujua kama sura yangu. Nikaona viduara viwili vyeusi kwenye mstari wangu.

Nilijua si vyangu. Nilikuwa chali pembeni ya uwanja, naangalia paa. Niliona tundu la bati ambalo mvua ilikuwa ikiingia. Nikasikia wavu mara moja, halafu mara ya pili, halafu watu. Nilijua ni wewe kwa sababu mpira wako ulikuwa unaingia taratibu, hauna kishindo.

Kalamu ilikuwa mkononi. Ningesema, "Bev, mwambie Mwalimu ahamishe." Maneno manne tu. Lakini lile goti nililisikia likipasuka, Nerida. Kabla daktari hajaniambia, mimi nilijua. Nikawaza, hii ndiyo mechi yangu ya mwisho ya maana, na mtu kanipa viwili kwa bahati mbaya. Nikavitaka. Nikatia saini.

Miaka ya mwanzo, watu wakinisimulia, nilikuwa nasema, "Hapana, hapana, sikuwa mimi." Walikuwa wakicheka: "Rae, una unyenyekevu mno!" Baadaye nikaacha kukataa. Baadaye zaidi nikaacha kwenda Wirrabool. Watu wanadhani nakwepa Banda la Bati kwa ajili ya goti.

Siku hizi nafanya kazi kwenye mizani ya nafaka. Malori yanapita, napima, naandika, dereva anatia saini. Miaka kumi na minane sijawahi kupitisha uzito usio sahihi hata kilo moja. Madereva wananiita Jiwe. Wangejua!

Mwalimu anasema wewe hutaki irekebishwe, kwa ajili yangu. Amenisomea maneno yako kwenye simu, kwamba sina chochote ila mitupo ile. Nilicheka. Kumi na Tano, pointi ishirini na tisa zilikuwa zangu siku ile. Zangu kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kunisimulia hata moja kati ya hizo. Kila mtu ananisimulia zile mbili ambazo hazikuwa zangu. Unaona ulivyoninyima kwa wema wako? Na mimi nilivyokunyima kwa tamaa yangu?

Nimempigia Mwalimu mpaka akapokea, nimemwambia abadilishe maneno ya ukutani. Sikuombi ruhusa. Ni saini yangu, naiondoa mwenyewe.

Nakuomba kitu kingine. Mitupo ile niliisikia tu. Sijawahi kuiona. Ningependa.

Rae


Wirrabool
Jumatatu, 18 Machi 2019

Mpendwa Nerida,

Uliniambia nisiandike mpaka mavuno yaishe. Navunja amri hiyo mara moja tu, kwa sababu ukurasa niliouambatanisha hapa ni wako, na sina haki ya kuushikilia.

Nianze na daftari. Kosa kwenye daftari la alama halifutwi. Linapigwa mstari mmoja mwembamba, ili kilichokuwa kimeandikwa kiendelee kusomeka, kisha kilicho sahihi kinaandikwa mahali pake, na makapteni wote wawili wanatia saini pembeni. Kwa hiyo nilimhitaji Rae, na nilimhitaji pia kapteni wa Dunmore. Nilimpata. Ni Glenys Marchbank, ana wajukuu saba na sauti ile ile.

Jumamosi, kabla ya kukata utepe, Rae alipanda jukwaani akichechemea. Hakuwa na karatasi. Aliwaambia watu mia tatu kile alichokuandikia wewe, hata habari ya saini. Nilisikia friji ya kioski ikinguruma. Niliogopa. Kisha Glenys akasimama huko nyuma.

"Nilisema mimi!" alipaza sauti. "Miaka thelathini na mitatu nasema! Wa mwisho alikuwa mtoto mwembamba amevaa jezi kama gauni la bibi yake! Mkasema sisi Dunmore hatujui kushindwa!"

"Kwani mnajua?" Noel akamjibu.

"Kunywa chai yako, Noel."

Watu wakacheka, Rae naye akacheka, na hapo pumzi zikarudi. Lakini lifikirie hilo, Nerida. Dunmore yote, kilomita ishirini na sita kutoka hapa, walikuwa na habari sahihi muda wote. Mkisikiliza walioshindwa, mnasikia mengi. Sisi tuliwaita wenye wivu.

Bev alimfuata Rae akiwa karibu kulia. "Sasa nitawaambia nini wajukuu zangu? Nimeshawasimulia mara mia!"

"Wasimulie tena, Bev," Rae alimwambia. "Sasa ina watu wawili."

Daftari lilikuwa mezani. Nilipiga mstari kwenye viduara vya namba sita. Nikachora viwili kwenye mstari wa kumi na tano, ambao ulikuwa mtupu tangu mwanzo hadi mwisho. Nikavijaza. Kimoja kimevuka ukingo kidogo, nisamehe. Rae alitia saini, Glenys akatia saini, nami nikaandika tarehe.

Na jambo ambalo sikulitarajia: jioni nzima watu walianza kukumbushana mambo mengine. Noel alikumbuka ule mpira wa mkono wa kushoto wa kipindi cha kwanza, uliozunguka ukingo wa kikapu mara mbili kabla ya kuingia. Mwingine alikumbuka alivyomnyang'anya Glenys mpira mara tatu mfululizo, na Glenys akasema mara mbili, ya tatu ilikuwa faulo. Walibishana saa nzima. Rae alikaa katikati yao, mguu umenyooshwa juu ya kiti, akigeuka tu kumtazama kila anayezungumza. Ni kama mtu anayeletewa vitu vyake, kimoja kimoja, kutoka stoo.

Ukutani pameandikwa: "Raelene Tonkin, namba 6. Fainali ya 1986, pointi 29. Mitupo miwili ya mwisho: Nerida Hocking, namba 15." Mchongaji alilalamika kwamba hayana ladha. Nilimwambia ndivyo alama zinavyoandikwa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimeandika tu yaliyotokea.

Colin Trewin


Cygnet
Jumatano, 24 Aprili 2019

Mwalimu Trewin,

Mavuno yameisha, kwa hiyo sheria haijavunjwa.

Ukurasa wako ulifika, nikauweka ndani ya kabati la sahani. Sikumwonyesha mtu. Nilikuwa nautoa asubuhi nikiwa peke yangu, nautazama, naurudisha. Siku ya nne mume wangu akasema, "Nerida, sahani zimekukosea nini?" Nikampa asome. Akasoma polepole, akafika kwenye mstari wangu, akauliza, "Kumi na tano ni nani?" Nikasema ni mimi. Akaweka kidole pale kwenye viduara, akasema, "Lakini mzee aliniambia..." Akaishia hapo. Akanywa chai yake yote, akatoka kwenda kukata kuni ambazo hatuzihitaji.

Jumamosi ya Pasaka, tukiwa tunafunga makreti ya mwisho, gari likaingia uani lina vumbi la Australia nzima. Mwanamke mrefu akashuka, akaanza na mguu mmoja, akautafuta wa pili kwa mikono. Nilimjua kabla hajasimama wima. Alikuwa ameendesha kutoka Ceduna hadi Melbourne, akavuka na meli, akaendesha tena. Siku tatu, na goti lile.

Akasema, "Kumi na Tano."

Nikasema, "Umezeeka."

Akasema, "Wewe bado jezi inakupwaya," maana nilikuwa nimevaa koti la kazi la mume wangu.

Wanawake wa bandani walitaka kujua ni nani. Rae akawasimulia, yeye mwenyewe, amekaa juu ya kreti na mguu ameunyoosha. Hawakuamini. Marjorie, ambaye tumefungasha naye matufaha miaka kumi na mitano, akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Huyu? Huyu anayetupa funguo za gari zinaangukia mtoni?" Wakasema, haya, onyesha. Msimamizi wetu Alwyn akainua kreti tupu na ile mashine ya kunyanyulia mizigo mpaka ikakaribia dari, Rae akapima hatua kwa macho, akasema, "Rudi nyuma. Bado. Hapo." Akanirushia tufaha kubwa jekundu.

Tufaha si mpira, Mwalimu, naomba izingatiwe. Lakini nililishika kwa mikono miwili, nikainama, nikalirusha kutoka chini. Lilipanda taratibu. Niligeuka kumtazama Rae badala ya kulitazama tufaha, kwa hiyo sikuliona likiingia. Niliona tu uso wake ukilifuata, juu, juu, halafu chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ilikuwa hivyo."

Banda zima likapiga kelele. Nikapewa la pili. Hilo nililitazama mwenyewe, na lilimpata Alwyn begani.

Rae yuko hapa hadi Jumapili. Anakula machungwa na maganda. Amesema nikuandikie ili uweke kwenye kumbukumbu, basi weka: kiduara cha kwanza jaza. Cha pili kiache wazi.

Mwanafunzi wako,
Nerida